Pete Rose amefunguliwa baada ya kufa: je, aingizwe Cooperstown?

Mkazi wa Ohio: Ndugu zangu, tarehe 13 Mei 2025 kamishna Rob Manfred alitamka kwamba adhabu ya kufungiwa maisha hukoma mhusika anapofariki, na kwa tamko hilo Pete Rose, aliyefariki Septemba 2024 akiwa na miaka 83, akatoka katika orodha ya waliofungiwa. Kamati inayopima wachezaji wa zamani itakutana Desemba 2027. Mtu aliyepata mapigo safi (yale yanayomfikisha mpigaji kituoni) 4,256, idadi ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuifikia katika ligi kuu ya Marekani, lakini akabeti mechi za timu aliyokuwa meneja wake, je, anastahili bamba lake katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, ulioko Cooperstown? Naomba tubaki hapo.

Bahari Shwari: Aingizwe, tena wamechelewa. Alibeti timu yake, Cincinnati Reds, washinde, na hakuna aliyepata ushahidi kwamba aliwahi kubeti wafungwe. Isitoshe, tusidanganyane, meneja wa besiboli haamui chochote: anakaa kwenye benchi amevaa jezi kama mchezaji, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, huku wenye kazi wakiwa uwanjani. Mtu wa namna hiyo atauzaje mechi? Walimfunga jela kwa kubeti, akatumikia kifungo chake, yakaisha.

Hati na Kanuni: Hayakuisha hivyo, bwana. Jela aliingia mwaka 1990, miezi mitano, kwa sababu ya kodi na si kwa kubeti. Adhabu ya besiboli ilitangulia, tarehe 24 Agosti 1989, naye aliikubali kwa saini yake mwenyewe, wakati kamishna akiwa Giamatti, ambaye alifariki siku nane baadaye. Ripoti ya John Dowd, mwanasheria aliyemchunguza Rose kwa niaba ya besiboli, yenye kurasa 225 ilihesabu mechi 52 za Reds alizobeti mwaka 1987, na Rose alikana kwa takriban miaka kumi na mitano kabla ya kukiri mwaka 2004. Jambo zito zaidi ni hili: msimu una mechi 162, na wakala anayepokea mikeka ya meneja kila siku huona pia siku ambazo meneja hakuweka kitu. Ukimya huo nao ni habari, na kwa mcheza kamari una thamani.

Kocha wa Wasichana: Bahari Shwari, hayo maganda ya alizeti yamenichoma, kwa kuwa nimefundisha softiboli miaka kumi na mmoja na sijawahi kurudi nyumbani nikiwa sina deni la usingizi. Meneja ndiye anayepanga nani apige wa kwanza na nani wa nne, na ndiye anayejua kwamba mrushaji wake wa kufunga mechi alirusha jana na juzi, bega limeanza kukaza, na akimwingiza leo atamkosa kwa wiki nzima. Anatembea kutoka benchini hadi kwenye kichuguu cha mrushaji, ananyoosha mkono, anaomba mpira. Katika hatua hizo chache anaweza kuokoa mechi au kuharibu mkono wa mtu. Usilolijua lisikufanye ucheke.

Bahari Shwari: Mwalimu, nakuheshimu, lakini softiboli ya wasichana si ligi kuu. Twende kwa hesabu. Rose akiwa meneja alishinda mechi 412 na kupoteza 373, na kuanzia 1985 hadi 1988 Reds walimaliza nafasi ya pili miaka minne mfululizo. Akaondolewa, akaja Lou Piniella, na mwaka 1990 timu hiyohiyo, kwa sehemu kubwa wachezaji walewale, ikatwaa World Series, fainali ya ubingwa. Wachezaji ndio timu.

Kocha wa Wasichana: Wachezaji walewale, meneja mwingine, kombe likaja. Umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe.

Daftari la Alama: Kwa anayedhani meneja haamui, nakumbusha tarehe 8 Septemba 1985. Rose alikuwa meneja na mchezaji kwa wakati mmoja, ana miaka 44, amebakiza mapigo mawili tu kumfikia Ty Cobb, aliyeshikilia rekodi ya mapigo 4,191. Mmiliki wa timu alitaka rekodi ivunjwe nyumbani Cincinnati, na siku hiyo walikuwa Chicago, ambako mrushaji aliyepangwa, Steve Trout, alikuwa wa mkono wa kushoto. Dhidi ya mkono wa kushoto Rose alizoea kukaa benchi na kumpanga Tony Pérez. Trout akaanguka na baiskeli, akaumia, Chicago wakampanga wa mkono wa kulia, na meneja Rose akaliandika jina la mchezaji Rose. Alipata yote mawili. Siku tatu baadaye, nyumbani, aliupiga mpira uliorushwa na Eric Show ukaangukia upande wa kushoto, rekodi ikavunjika, watu wakashangilia kama dakika saba, Show akakaa chini kwenye kichuguu akisubiri, na Rose akalia begani mwa kocha aliyekuwa karibu naye. Swali linalonisumbua ni hili: msimu ule alikuwa na wastani wa kupiga wa .264 (mapigo safi 264 kwa kila majaribio 1,000), meneja mwingine angempanga mzee huyo?

Bahari Shwari: Angempanga! Msimu huohuo alipewa kituo cha kwanza bila kupiga mara 86, kwa hiyo alifika kituoni kuliko vijana wengi. Kumpima mtu wa aina hiyo kwa .264 peke yake ni kusoma nusu ya daftari, nawe umejiita Daftari.

Daftari la Alama: Jina langu liache. Nakubali hizo 86, ila timu ilipokuwa ikilinda, yeye alicheza nafasi ya kituo cha kwanza, mahali ambapo timu hutafuta mtu wa kupiga mbali, naye alipiga mpira nje ya uwanja mara mbili tu msimu mzima.

Mkazi wa Ohio: Nilikuwa nimeuliza kuhusu Cooperstown.

Hati na Kanuni: Nami nilikuwa nimesema kuhusu zile siku za ukimya, na hakuna aliyenijibu.

Kocha wa Wasichana: Basi namuuliza mwenye alizeti. Usiku ambao Rose ana pesa yake kwenye mechi na usiku ambao hana, yule mrushaji mwenye bega lililokaza atatumiwa sawasawa?

Bahari Shwari: Nitalijibu hilo ukishaniondolea lile neno lako la usilolijua, kwa maana besiboli nimeanza kuitazama kabla softiboli yenu haijapata hata uwanja.