Nimelipia tangazo la kuosha makapeti Dodoma, simu zinatoka Mbagala na Mwanza! Hawa madogo wa "dijitali" watatumaliza

Mbukwenyi wakuu. Huu uzi nimeuandika mara mbili nikafuta kwa sababu ya matusi, hii ni ya tatu, nivumilieni.

Nina kibiashara cha kuosha makapeti, masofa na magodoro, tuko Nzuguni. Anayeishi Dodoma anajua kwa nini hii kazi ipo, ikifika mwezi wa saba na ule upepo wetu, wewe ukipiga sofa kofi sebuleni vumbi linatoka kama umefukuzana na fuso barabara ya vumbi. Mashine mbili za kunyonya maji, kirikuu ya kukodi, vijana watatu. Miaka minne tumekula kwa wateja wa kuambiana tu. Na mwezi wa tatu ndio wetu, maana Bunge la bajeti linaanza mwezi wa nne na kila mwenye gesti au nyumba ya kupangisha anataka kapeti linukie kabla wageni hawajashuka. Mwaka huu nikasema ngoja nilipie tangazo Facebook na Instagram niwawahi hao watu, mji umekua, toka serikali ianze kuhamia huku 2016 mpaka leo kuna mitaa mimi mwenyewe siijui.

Nikaunganishwa na dogo mmoja mwenye tai na leptopu, anajiita mtaalamu wa masoko. Laki nne na nusu. Laki tatu ya tangazo, laki na nusu ya kwake. Akaniambia "bosi, watu laki moja wataliona". Na mimi nikapiga hesabu za kijinga palepale, laki moja, hata kila elfu akitoka mmoja ana kapeti si wateja mia hao? Nikatuma hela kwa simu hata risiti sikuuliza. Najua, msinicheke.

Tangazo likatoka. Kwanza picha, wakuu, sofa jeupe sijui la wapi, pembeni dirisha kubwa na theluji nje. Theluji! Mimi nina picha zaidi ya mia mbili kwenye simu za makapeti ya watu wa Ilazo na Kisasa kabla na baada, maji meusi tii kwenye ndoo, hiyo ndoo peke yake inauza kuliko maneno yote. Dogo akasema picha zangu "hazina hadhi". Maandishi nusu Kiingereza, bei hakuna, "njoo inboksi". Huu ugonjwa wa bei inboksi sijui nani alituletea, mtu anataka kujua kapeti la futi nane kwa kumi ni shilingi ngapi umfiche kwa nini, unauza bangi?

Haya, laiki zikaanza kumiminika kama mvua ya Januari. Mioyo, makopa, "kazi nzuri", "Mungu awainue". Simu ya kwanza mama mmoja wa Mbagala, namwambia mama sisi tuko Dodoma, ananijibu "si mpande treni ya umeme mwanangu, siku hizi masaa manne hayafiki". Siku hiyo nilicheka. Ya pili Mwanza. Ya tatu Kahama. Ya nne Mbeya. Wiki nzima simu kumi na tisa, za Dodoma mbili, na moja ya hizo mbili ni jamaa wa Hombolo ana kapeti moja la mlangoni, pigeni wenyewe hesabu ya mafuta kwenda na kurudi.

Nampigia dogo ananiambia "bosi tulia, mfumo bado unajifunza". Aliyenifungua macho ni mpwa wangu, yuko chuo hapahapa. Akaniambia mjomba, mteja wa mbali akipiga tena mwombe abonyeze vile vidoti vitatu juu ya tangazo, kuna sehemu inasema kwa nini unaliona. Jamaa wa Mwanza, Mungu ambariki, akabonyeza akanitumia skrinishoti. Imeandikwa mtangazaji anatafuta watu wa kuanzia miaka 18 walioko Tanzania. TANZANIA. Yaani kirikuu yangu inayokufa mlima wa Area D imetangazwa kutoka Kagera mpaka Mtwara!

Na wala hakukosea, ndicho kinachoniuma. Ukifungua eneo pana kuonwa kunakuwa kwa bei rahisi, ukiuambia mfumo wa matangazo wa Facebook lengo lako ni laiki na komenti unakutafutia wale watu wa kulaiki kila kinachopita, hawana hata kapeti ndani, na takwimu zinapendeza. Aliniahidi laki moja waone, laki moja wakaona, kazi yake imeisha. Hapohapo pana lengo la ujumbe, mtu akibonyeza tangazo anaangukia WhatsApp yako moja kwa moja. Hakuligusa. Na kweli mfumo unajifunza, wanasema unahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki ndio utulie, lakini unajifunza kile ulichouagiza, ukiagiza laiki utaletewa laiki mpaka uzeeke.

Kuna mdau kaniuliza inboksi eti kwa nini asingechagua tu jina la mji. Mkuu, nimeshajaribu mwenyewe baada ya kupigwa na hata hapo kuna mtego. Ukiandika Dodoma unawekewa duara, la kwangu lilikuja la kilomita 40, ukilipunguza mwisho wake kama kilomita 17. Ila ukichomeka pini kwenye ramani unaweza kushuka mpaka kilomita moja. Halafu hapo panahesabu anayeishi na aliyepita karibuni, zamani ulikuwa unaweza kuwatenganisha, 2023 wakaondoa. Sasa fikiria mji wetu huu, basi la Mwanza linapita, la Singida linapita, watu wanakuja na treni asubuhi kufuata saini ofisi za serikali Mtumba jioni wamerudi Dar, wote hao wanaliona tangazo la kapeti. Nimechomeka pini Ilazo, kilomita tano, elfu tano kwa siku, picha ya ndoo yangu na bei nimeiandika. Siku sita meseji kumi na moja, kazi nne, moja gesti ya vyumba kumi na viwili. Sio utajiri lakini nimeenda kwa bajaji nimerudi.

Sasa rudi kwa dogo, maana hasira yenyewe iko hapa. Nilipomfuata na ile skrinishoti nikamwambia nioneshe laki tatu yangu imetumikaje. Mfumo unatoa risiti kila unapokata hela, hilo sasa nalijua. Akaanza kuzunguka, mara mtandao, mara kadi, mara "hiyo ni siri ya ofisi". Siri ya hela yangu! Tangazo aliliendesha kwenye akaunti yake yeye mwenyewe kwa hiyo mimi sioni kitu, aliweka elfu hamsini au laki tatu anajua yeye na Mungu wake. Nikapandisha sauti kidogo, kanilima bloku.

Na ukurasa wangu wa biashara wa Facebook nao kaondoka nao. Alipoanza aliniambia "bosi niweke niwe msimamizi ili nifanye kazi vizuri", nikampa kila kitu, akanitoa mimi kwenye usimamizi. Miaka minne ya picha, maoni ya wateja, namba, vyote viko kwake, na juzi nimekuta jina la ukurasa limebadilika, eti sasa unauza viatu vya mtumba. Yale makapeti ya Kisasa bado yamo ukishuka chini, wateja wangu wanaulizia sofa wanajibiwa saizi 42 ipo.

Aliyewahi kurudishiwa ukurasa hapa Dodoma aniambie alipitia wapi, polisi nimeenda nikaambiwa nilete maandishi ya makubaliano na makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo juu ya supu. Na wewe dogo, najua humu unapita, kapeti la mama yako lile la maua uliloniletea nilioshe bure "kama zawadi" bado liko stoo kwangu. Limekauka. Njoo na ukurasa tubadilishane.