Kechapu ya Baba: gumzo la kikundi cha familia

[16:12] Salma: Shikamooni wakubwa wote. Baba ametoka kliniki ya kisukari, ameambiwa apunguze sukari na wanga. Kula nyanya hajakatazwa. Sasa anachokililia ni kechapu, hawezi kula yai bila kechapu. Nataka nimtengenezee hapa nyumbani, isiyo na sukari. Nani anajua tuanzie wapi?

[16:14] Mjomba Idi: Marahaba mpwa wangu. Si utie asali tu badala ya sukari? Asali ni kitu cha asili.

[16:16] Shangazi Rehema: Marahaba Salma. Shemeji Idi, asali hapana. Kijiko cha chakula kimoja cha asali kina kama gramu 17 za sukari. Ikishaingia kwenye damu ya kaka yangu haina cha nyuki wala cha kiwanda. Na tende nazo msizilete, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari.

[16:17] Mjomba Idi: Nimekuelewa dada. Lakini kechapu yenyewe ya dukani ina sukari kiasi gani kwani? Mtu anatia kidogo tu.

[16:19] Faraji: Shikamoo mjomba. Ya kawaida, kijiko cha chakula kimoja kina karibu gramu 4 za sukari. Yaani kijiko cha chai kizima cha sukari. Na nani anaishia kijiko kimoja?

[16:20] Baba: Nipo hapa, nasoma.

[16:20] Mama Salma: Soma mume wangu, mambo yako hayo.

[16:26] Shangazi Rehema: Salma, kabla hujawasha jiko sikiliza hili, maana ndipo wengi wanapokwama. Sukari haikuwekwa kwenye kechapu kwa ajili ya utamu peke yake. Inauvunja ukali wa siki. Inafanya rojo iwe nzito na ing'ae. Tena inasaidia isiharibike upesi. Mtu akiitoa akatia kitamu kingine basi, anapata kitu chepesi kama mchuzi, kikali kooni, na baada ya muda mfupi kina ukungu. Halafu anasema kechapu bila sukari haiwezekani. Inawezekana vizuri tu, ila kila kazi iliyokuwa inafanywa na sukari uitafutie mwenyewe.

[16:28] Faraji: Hapo kwenye kuharibika mama yangu amesema kweli. Kampuni ya Heinz walianza kuuza kechapu mwaka 1876. Mwanzoni mwa karne ya 20, walipoacha kutia benzoeti ya kuzuia isioze, waliongeza siki na sukari. Ndiyo maana kechapu tuliyoizoea ni tamu na chachu kiasi kile.

[16:29] Salma: Sasa shangazi, nitumie nyanya mbichi au nyanya ya kopo? Baba anasema mbichi zina wanga kidogo.

[16:31] Faraji: Mjomba Baba Salma, kwenye nyanya yenyewe ni kweli, gramu 100 za nyanya mbichi zina wanga kama gramu 4, na zile nzito za kopo zina kama 19. Lakini nyanya mbichi karibu yote ni maji. Ukizichemsha zikawa kechapu, maji yanaondoka, sukari inabaki palepale sufuriani. Kilo 1 ya nyanya mbichi ina wanga gramu 39 hivi. Gramu 200 za nyanya ya kopo zina 38. Ni kitu kilekile.

[16:32] Baba: Kumbe.

[16:33] Shangazi Rehema: Tumia ya kopo. Mbichi zitakuweka jikoni saa nyingi na gesi itaisha. Ila geuza kopo usome orodha ya vilivyomo. Iwe nyanya tu, au nyanya na chumvi. Ukiona sukari, glukosi, dekstrosi, maltodekstrini au sharubati ya aina yoyote, rudisha. Orodha ile hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia.

[16:41] Salma: [picha] Hili je?

[16:42] Shangazi Rehema: Hilo safi. Nyanya na chumvi.

[16:48] Shangazi Rehema: Haya, andika. Nyanya nzito ya kopo gramu 200. Maji kikombe kimoja kasoro, mililita 200. Siki vijiko vya chakula 3, iwe ile ya asilimia 5, imeandikwa kwenye chupa. Chumvi nusu kijiko cha chai, na kama nyanya yako ina chumvi anza na robo. Kitunguu maji cha unga nusu kijiko cha chai, kitunguu saumu cha unga robo. Haradali ya unga kidogo ukiwa nayo. Paprika kwa rangi. Karafuu bana moja tu, jamani, bana moja! Karafuu ikizidi kechapu inanuka dawa ya meno. Mdalasini hivyohivyo. Kitamu tutazungumza, usitie bado.

[16:49] Mama Salma: Wifi, kwa nini kitunguu cha unga? Mimi ningekaanga kibichi kikaiva vizuri.

[16:51] Shangazi Rehema: Kibichi ni kitamu zaidi wifi, sikatai. Lakini kitunguu kina sukari yake, ukikikaanga hadi kiwe cha kahawia umeleta utamu na wanga tuliokuwa tunaukimbia. Cha unga unatia nusu kijiko tu na harufu inatosha. Pia rojo inabaki laini, huna haja ya kuchuja.

[16:53] Bibi: [ujumbe wa sauti, 0:48]

[16:54] Faraji: Kwa wasioweza kusikiliza sasa, Bibi anasema kama mna karafuu nzima na kijiti cha mdalasini, mvifunge kwenye kitambaa safi cheupe, mkitumbukize wakati inachemka, mkitoe mapema. Harufu inaingia bila weusi na bila uchungu. Na siki isitiwe yote mwanzoni, nyingine itaondoka na mvuke.

[16:55] Shangazi Rehema: Mama amesema vizuri. Salma tia vijiko 2 vya siki sasa, cha 3 mwishoni ukishaonja.

[16:56] Salma: Asante Bibi. Nina kijiti, nafunga.

[16:58] Salma: Sufuria ya alumini inafaa?

[16:58] Shangazi Rehema: Hapana. Siki na nyanya ni asidi, zinaila alumini, na ladha inakuwa ya chuma. Chukua ile isiyoshika kutu au ya enameli.

[17:09] Salma: Imeanza kuchemka, inarukaruka kila mahali. Mkono umeungua kidogo.

[17:10] Mama Salma: Mwanangu maji baridi upesi, weka mkono chini ya bomba.

[17:10] Shangazi Rehema: Pole mama. Punguza moto uwe mdogo kabisa, funika nusu, acha upenyo wa mvuke. Koroga hadi chini kila baada ya dakika chache, nyanya nzito hushika chini na ladha ya kuungua haitoki tena. Dakika 20 hadi 25.

[17:13] Mjomba Idi: Sasa hicho kitamu ni kipi? Mimi nimesikia stivia, na hii nyingine eritri nini.

[17:18] Shangazi Rehema: Eritritoli. Hizo mbili ndizo ninazozitumia, tena pamoja. Stivia ina utamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, kwa hiyo ikizidi punje mbili tatu inaacha uchungu ulimini, na siki inauonyesha zaidi. Eritritoli utamu wake ni kama asilimia 70 ya sukari, haipandishi sukari ya damu, lakini ikiwa nyingi kwenye kitu cha friji inaganda na kuwa chengachenga. Ukiila unasikia kama kuna mchanga. Basi weka eritritoli kijiko cha chakula kimoja na nusu, iliyosagwa iwe unga, halafu stivia ncha ya kisu. Kila moja inafunika kasoro ya mwenzake.

[17:20] Mjomba Idi: Mimi nina zailitoli nyumbani, mke wangu alinunua. Inafaa?

[17:22] Shangazi Rehema: Kwa kechapu inafaa, utamu wake unalingana na sukari. Lakini shemeji, wewe una mbwa. Zailitoli ni sumu kwa mbwa, hata kidogo inashusha sukari yake ghafla na inaweza kumuua. Sahani yenye mabaki isimfikie kabisa. Mimi kwenye nyumba yenye mbwa siiweki.

[17:23] Mjomba Idi: Sikulijua hilo. Naiondoa leo.

[17:24] Mama Salma: Na mimi ninayetaka kupunguza mwili, nihamie huko huko kwenye stivia?

[17:28] Faraji: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Mei 2023, linashauri vitamu visivyo sukari, stivia ikiwemo, visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Mwongozo huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari, na hauhusu jamii ya eritritoli. Kwa hiyo kwa mjomba Baba Salma ni habari nyingine.

[17:30] Shangazi Rehema: Wewe wifi punguza utamu wenyewe. Kila ukipika tia kidogo kuliko mara iliyopita, ulimi unazoea. Hata kaka ningependa afike huko.

[17:31] Baba: Taratibu jamani.

[17:36] Salma: [picha] Nimetoa kitambaa. Nitajuaje imeiva? Naona nzito lakini sina hakika.

[17:39] Shangazi Rehema: Pitisha mwiko katikati ya sufuria. Ukiona njia inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, imekaribia. Halafu chukua tone uweke kwenye sahani ya baridi, subiri dakika moja, uinamishe. Tone likizungukwa na duara la maji, bado. Likikaa lote pamoja, zima.

[17:44] Salma: Lina duara la maji. Dogo.

[17:45] Shangazi Rehema: Dakika 5 nyingine.

[17:52] Salma: Sasa limekaa. Nimezima. Nimeonja, chumvi sawa, ila siki inapiga puani.

[17:53] Mama Salma: Basi kile kijiko cha 3 kiache.

[17:57] Shangazi Rehema: Hapana wifi, kitie. Harufu ya siki ikiwa moto ni kali, ikipoa na kulala usiku mmoja inatulia. Na siki ndiyo mlinzi wetu sasa hivi. Nyanya peke yake asidi yake iko mpakani, pH yake, yaani kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi imepungua, huweza kuwa chini au juu ya 4.6, na juu ya 4.6 ndipo bakteria wa botulini, wale wanaotoa sumu kali, wanaweza kukua kwenye chombo kilichofungwa. Sukari tumeitoa, tukitoa na siki tumebaki na nini? Akitaka ukali upungue, aongeze kitamu punje, au chumvi kidogo. Siki asiiguse.

[17:58] Mama Salma: Haya wifi, nimekubali. Kitie mwanangu.

[18:02] Salma: Nimetia na kitamu chote. Imekuwa nzuri! Ila haing'ai kama ya dukani.

[18:05] Shangazi Rehema: Hapo tunamalizia kwa unga wa zanthani, ule wa kufanya rojo iwe nzito, robo kijiko cha chai, usizidishe. Usiumwage kwa pamoja, utafanya mabonge yasiyovunjika. Washa blenda, nyunyiza polepole ikiwa inazunguka. Utaona rojo inashikana na kung'aa, na maji hayatajitenga chupani. Ikiwa bado ya moto acha kifuniko cha blenda kiwe na upenyo, ufunike kwa taulo, mvuke usije ukakirusha. Asiye na zanthani achemshe zaidi tu, ila kadiri inavyozidi kuwa nzito ndivyo wanga wa kila kijiko unavyopanda.

[18:14] Salma: [picha]

[18:14] Mama Salma: Mashallah!

[18:15] Mjomba Idi: Hiyo ni kechapu kabisa.

[18:16] Baba: Naileta sahani?

[18:19] Faraji: Subiri mjomba, Salma pima uzito wa yote kwanza.

[18:22] Salma: Gramu 360.

[18:25] Faraji: Basi ni vijiko 24 vya gramu 15. Wanga wa nyanya ni 38, ukitoa nyuzinyuzi 8 hivi, maana hazipandishi sukari ya damu, unabaki na 30. Gawa kwa 24, kila kijiko kina kama gramu 1 na robo. Sukari yenyewe kama gramu 1, dhidi ya zile 4 za dukani. Vitunguu na viungo vinaongeza kidogo sana.

[18:27] Baba: Kwa hiyo naweza kula vinne badala ya kimoja.

[18:29] Shangazi Rehema: Kaka, hapo tutarudi palepale tulipotoka. Bila sukari ya kuongezwa haimaanishi bila sukari, nyanya ina yake. Viwili kwa mlo vinatosha, na upime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Upime na sukari yako saa 2 baada ya kula kama kliniki walivyokuonyesha, uone mwili wako unasemaje.

[18:30] Baba: Viwili. Sawa dada.

[18:31] Bibi: [ujumbe wa sauti, 0:15]

[18:32] Faraji: Bibi anauliza kama na yeye aletewe chupa.

[18:35] Shangazi Rehema: Mama, kwako nauliza daktari kwanza. Nyanya ya kopo ina potasiamu nyingi, karibu miligramu 1,000 katika gramu 100, na wewe uliambiwa uiangalie kwa sababu ya figo. Kijiko kimoja pengine hakina neno, lakini sitaki kukisia. Nampigia kesho asubuhi.

[18:38] Salma: Niweke kwenye chupa ya plastiki ile ya zamani?

[18:40] Shangazi Rehema: Ya kioo, uichemshe kwa maji dakika 10 na kifuniko chake kikauke vizuri. Ikae kwenye friji, si kabatini. Hii haina sukari ya kuilinda kama ya dukani. Ndani ya wiki 2 iwe imeisha. Kijiko kinachoingia kiwe kikavu na safi, si kile kilichotoka kwenye yai. Ukiona ukungu hata kidogo, mwaga yote, usikwangue juu ukaendelea kula.

[18:41] Mjomba Idi: Na sisi tunaokula polepole?

[18:43] Shangazi Rehema: Gandisha. Tia kwenye trei ya barafu, kila kitundu kijiko kimoja, zikishaganda zihamishie kwenye mfuko. Unatoa moja usiku inayeyuka kwenye friji. Zanthani inasaidia isijitenge ikiyeyuka, ikijitenga ikoroge tu.

[18:44] Mjomba Idi: Nitapika Jumamosi. Salma nitumie ile orodha yote kwa ujumbe mmoja, hapa juu imechanganyika.

[18:45] Salma: Sawa mjomba, naiandika sasa hivi. Shangazi, ukiiona hebu ikague vipimo kabla hajaenda dukani.