Tanzania tiki zote, Kenya ina kadistari: mkataba wa ILO unanifikiaje mimi wa kiwandani?

Katibu_Tawi:
Wakuu habari za mchana. Nimetoka semina ya siku mbili ya viwango vya kazi vya kimataifa, kichwa kimejaa ila swali langu halikujibiwa, nilivyonyoosha mkono chai ikawa imeshafika. Tulipewa kabrasha lina jedwali, nchi za Afrika Mashariki zinashuka kushoto, mikataba ya msingi ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) imepangwa kwa juu, aliyeridhia tiki, ambaye bado kadistari. Sisi kwenye ile minane ya zamani tiki tupu: mkataba namba 29, 98 na 105 tangu 1962, yaani bendera ya Uhuru hata haijachakaa, 138 mwaka 1998, 87 mwaka 2000, 182 mwaka 2001, 100 na 111 zikafunga 2002. Kenya kwenye 87, ule wa uhuru wa kujiunga na vyama vya wafanyakazi, kadistari. Mtoa mada akasema tujipongeze, ukumbi mzima makofi.

Sasa mimi makofi yalinishinda. Kiwandani kwetu (jina sitaji, nina watoto wanasoma) vijana sita wa zamu ya usiku walijaza fomu za TUF 6 wajiunge na chama, tukazijazia kwa mama ntilie nje ya geti maana ndani huwezi, nikapeleka kwa HR tarehe 4 mwezi wa tatu akagonga muhuri wa kupokea. Tarehe 17 wote sita barua mkononi, "uzalishaji umeshuka". Kiwanda kina watu zaidi ya mia, uzalishaji umeshuka kwa hao sita tu! Wakati huohuo shemeji yangu yuko Mombasa, hotelini kwao walimfanyia hivyohivyo, akaenda mahakamani akalipwa. Nchi yenye kadistari kalipwa, nchi yenye tiki vijana wangu wanapiga deiwaka Buguruni. Hii tiki kazi yake nini? Na nasikia ofisi ya ILO iko hapahapa Dar, naweza kwenda nikafungua malalamiko?

Mzee_wa_Temeke:
Posho ya semina ulipata? Basi tiki imeshakufikia mkuu 😂😂

Wakili_Mtaani:
Katibu swali zuri, ngoja nikujibu kwa urefu kidogo. Kwanza mikataba ya ILO haisainiwi, watu wengi wanachanganya. Inapitishwa kwenye ule mkutano wa Geneva wa kila mwaka mwezi wa sita, kila nchi inapeleka wajumbe wanne, wawili serikali, mmoja waajiri, mmoja wafanyakazi, na huyo wa wafanyakazi kura yake ni yake, anaweza kumpinga waziri wake palepale. Ikishapita, serikali ina mwaka mmoja, ikichelewa sana miezi 18, kuupeleka kwenye chombo chenye mamlaka nyumbani. Hapo inalazimika kuupeleka tu, kuridhia ni hiari. Ila ukiridhia umeridhia wote, hakuna kusema kifungu hiki nataka hiki sitaki.

Kwetu anayeridhia ni Bunge, Katiba ibara ya 63(3)(e). Sasa hapa ndipo penye siri ya jedwali lako. Bunge likisharidhia, mkataba bado hujaweza kuubeba mkononi ukaenda nao kudai, mpaka itungwe sheria ya ndani ya kuutekeleza. Kenya wao katiba yao ya 2010, ibara ya 2(6), mkataba ukisharidhiwa unakuwa sehemu ya sheria yao moja kwa moja. Kwa hiyo tiki ya kule na tiki ya huku hazina uzito mmoja.

Usikate tamaa lakini, daraja lipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 3 kinasema wazi moja ya malengo yake ni kutekeleza mikataba ya msingi ya ILO. Kifungu cha 9 kinakupa haki ya kujiunga na chama. Cha 37 kinasema kuwa mwanachama sio sababu halali ya kuachishwa. Cha 38, kama kweli ni kupunguza wafanyakazi, mwajiri anatakiwa atoe taarifa mapema, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama wajadiliane, nani apunguzwe na kwa kigezo gani. Na cha 39 ndio kitamu, mzigo wa kuthibitisha kwamba kuachishwa ni kwa haki uko kwa mwajiri, sio kwa kijana. Ukifika mezani na mkataba namba 87 watakusikiliza kwa heshima tu, ukifika na 37 na 39 wanakutafutia faili.

Masaki kwa ILO utapokelewa vizuri na utaambiwa vizuri kwamba hawapokei kesi ya mtu mmojammoja. Malalamiko rasmi kule yanapelekwa na chama cha wafanyakazi au cha waajiri, na yanaisuta serikali, hayamlipishi mwajiri wako. Kwako mlango ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hao vijana walikuwa na zaidi ya miezi sita kazini? Na barua ni ya tarehe 17 kweli? Maana kuachishwa kazi unatakiwa upeleke ndani ya siku 30.

Katibu_Tawi:
Wote wana zaidi ya mwaka. Leo tarehe 27 mwezi wa nne, nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, siku ya 41. Daah. Tulikuwa tunasubiri ofisi ya kanda ya chama itujibu barua.

Shemeji_wa_Likoni:
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu zetu wa Dar msituonee gere sana. Hapa kwetu sheria ya ajira ya 2007 yakupa miaka mitatu kufungua kesi, siku 30 hizo zenu mtu hajamaliza hata kulia. Hiyo 87 Kenya imekaa nayo miaka na miaka bila kuridhia, lakini katiba ibara ya 41 yasema kila mfanyakazi ana haki ya kuunda chama, kujiunga na kugoma, kwa hivyo hakimu haulizi Geneva kulisemwa nini. Na kadistari hakatukingi na maswali pia, kule ILO kuna kamati ya uhuru wa vyama tangu 1951, yapokea malalamiko hata dhidi ya nchi ambayo haijaridhia, mradi ni mwanachama. Na huyo shemeji yako muulize alikaa muda gani. Wa kwangu alingoja hukumu mpaka mtoto akaanza shule.

Mama_Sinza:
Nyie mnaongelea viwanda, kwenye hilo jedwali mliangalia 189? Ule wa wafanyakazi wa majumbani, wa 2011. Ukanda wa SADC nawajua Mauritius, Afrika Kusini, Madagascar na Namibia wameuridhia. Haumo kwenye ile ya msingi ndio maana semina nyingi haupewi hata safu. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka elfu 60 kwa mwezi kwa dada anayelala kwako, ya 2013 ilikuwa elfu 40, na bado nina majirani wanatoa 30 na kanga ya Idi wanajiona wakarimu. Mimi mwenyewe nisijitoe, dada wangu nilikaa naye miaka minne bila karatasi yoyote. Mwaka jana nikachukua kaunta buku tukaandika, saa za kulala, Jumapili yake, likizo siku 28, akasoma mara mbili halafu akaniuliza "mama, hii Jumapili ni kila Jumapili?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Mtu_wa_Chake:
Msisahau pia huku kwetu. Anayeridhia ni Jamhuri ya Muungano lakini kazi si jambo la Muungano, hiyo sheria yenu ya 2004 inaishia Bara, Zanzibar tuna yetu Na. 11 ya 2005. Tiki moja, sheria mbili. Mhudumu wa hoteli Nungwi ukimtajia CMA anakushangaa tu.

Wakili_Mtaani:
@Mtu_wa_Chake kweli kabisa, umenikumbusha.
@Katibu_Tawi siku 41 haijafa. Kuna fomu ya kuomba kupokelewa nje ya muda, unaijaza pamoja na ile ya mgogoro yenyewe, lakini ueleze kwanini mmechelewa na usiandike "tulikuwa tunafuatilia" basi, kila siku ieleze, barua ya kanda mlituma lini, kwa nani, ambatanisha. Kesho asubuhi, usingoje Jumatatu. Mpeleke kila mmoja asaini mwenyewe. Una nakala za TUF 6 zenye muhuri?

Katibu_Tawi:
Vijana wanne nimeshawapata, mmoja kasharudi Singida kulima namtumia nauli, mmoja simu haipatikani. Nakala ninazo zote sita. Ila moja ina doa kubwa la mchuzi wa maharage, siku ile kwa mama ntilie, limepita karibu na muhuri. Tarehe inasomeka lakini. Wataikubali au nikaombe nyingine kwa HR?

Wakili_Mtaani:
Usimuombe HR chochote! Muhuri wa tarehe 4, barua ya tarehe 17, siku 13. Hiyo yenye maharage weka ya juu.