Kutangaza warsha ya watengeneza tovuti Arusha: redio, kubusti Instagram au kuzunguka vyuoni?

Mshona_Tovuti
Wakuu habari za jioni. Mimi na wenzangu wawili tunaandaa warsha ya vitendo kwa wabunifu wa tovuti, maprograma na vijana wenye kampuni changa. Siyo semina ya kukaa na kusikiliza. Mtu anakaa kwenye kompyuta, anajenga, anaondoka na kitu kinachofanya kazi. Watoa mada tumeshapata na ukumbi upo. Kinachotuumiza kichwa ni matangazo. Bajeti ni laki sita na hatuna pa kuongeza.

Njia tatu ziko mezani: redio ya hapa mjini, kubusti (kulipia posti ionekane na watu wengi zaidi) Instagram na Facebook, au kuchapisha pasta na kuzunguka vyuoni pamoja na kusambaza kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwenzangu mmoja anakomaa na redio, mwingine hataki kusikia chochote zaidi ya Instagram. Aliyewahi kufanya kitu kama hiki atushauri, tunataka kulipia wiki hii.

Dada_Sakina
Mkuu, umeandika vizuri ila yote tunayohitaji ili tukushauri umeyaacha. Ni lini? Kiingilio shilingi ngapi au ni bure? Mnataka watu wangapi? Ukumbi uko upande gani? Warsha ya watu thelathini na warsha ya watu mia tatu hazitangazwi kwa njia moja. Kama ni thelathini, redio ya nini? Utakuwa unaita mji mzima halafu unafunga mlango.

Mzee_wa_Masafa
Redio isidharauliwe. Ofisi nyingi za utalii hapa Arusha, mapokezi redio inalia kutwa. Mwenye kampuni changa ya kupeleka wageni mlimani hayumo kwenye magrupu ya maprograma, na Instagram anaingia kuweka picha zake, hasomi za wengine. Huyo utampataje?

Ila msinunue tangazo la sekunde thelathini peke yake. Ombeni mhojiwe kwenye kipindi cha vijana au cha biashara, hata dakika kumi. Mtu akisikia sauti yako ukieleza atakachokijenga, anapiga simu. Tulishawahi kujaza darasa la ufundi simu kwa mahojiano tu, tangazo la kulipia hatukuligusa.

KodiTu
Mzee heshima yako, lakini darasa la ufundi simu ni kitu kingine. Hapa wanatafuta mtu anayejua HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, ni nini. Ukipiga redioni, katika wasikilizaji elfu moja wanaoelewa neno hilo unaweza kuwahesabu.

Mshona, nenda na Instagram, lakini usibonyeze kile kitufe cha kubusti kilicho chini ya posti. Hicho kinakula hela kinakuletea laiki za watu wa Mwanza. Ingia kwenye akaunti ya matangazo yenyewe, chagua Arusha mjini, weka mzunguko wa kilomita unazotaka, chagua umri na wanaopenda usanifu na programu, halafu tangazo liishie kwenye meseji ya WhatsApp. Mtu akiuliza, unamjibu hapohapo. Laki moja na nusu inatosha kuanza, ukiona meseji zinaingia unaongeza. Redio ukishalipa umelipa, huwezi kubadilisha neno.

mwanaTengeru
Naomba nieleze kilichotukuta, kwa sababu naona mnajadili namna ya kuwaleta watu wakati hatujui wakifika watakuta nini.

Nilikwenda kwenye mafunzo ya kujenga tovuti kwa siku moja, hapahapa mjini. Waandaaji siwataji. Tangazo lilipigwa redioni wiki nzima, pasta zikabandikwa kuanzia Mnara wa Saa hadi stendi. Watu walijaa kweli, saa tatu asubuhi viti vilikuwa vimekwisha. Mtoa mada akasema tufungue kompyuta. Zaidi ya nusu hawakuwa nazo, kwa sababu tangazo halikusema popote kwamba mtu aje na yake. Kulikuwa na akina mama wawili wenye duka la vitenge, walikuja wakiamini jioni watakabidhiwa tovuti ya duka.

Wenye kompyuta tukaambiwa tupakue programu, wote kwa pamoja, kwa waifai moja ya hoteli. Kile kimstari cha kupakua kikagoma mwanzoni kabisa, tukakitazama mpaka saa ya chai. Wengine wakafungua bando zao, zikaisha kabla programu haijashuka. Soketi zilikuwa ukutani tu. Ekstensheni moja ndefu ilipita katikati ya ukumbi, kila anayekwenda msalani anaikanyaga, safu nzima inazimika. Kufika mchana mtoa mada akakata tamaa, akawasha projekta na kutusomea slaidi hadi saa kumi.

Watu walilipa nauli, wengine wametoka Karatu. Waandaaji walipotangaza tena mwaka uliofuata, kwenye magrupu jibu lilikuwa moja tu: ni wale wa ekstensheni. Wakaahirisha.

Kwa hiyo Mshona, kabla hujachagua redio au Instagram, andika kwenye tangazo lenyewe: njoo na kompyuta yenye uwezo huu, programu hizi ziwe tayari, asiyeweza kupakua atazikuta kwenye flashi mlangoni. Tangazo la namna hiyo linachuja watu lenyewe. Anayelisoma akaelewa, huyo ndiye wako.

Dada_Sakina
@mwanaTengeru pole sana, na asante. Hili la flashi lizingatiwe. XAMPP (inayoigeuza kompyuta yako kuwa seva) na WordPress (programu ya kujengea tovuti bila kuandika kila kitu mwenyewe) vyote vinakaa kwenye flashi moja ndogo, mtu anajenga kwenye kompyuta yake bila intaneti kabisa. Intaneti mnaibakiza kwa ajili ya kupandisha kazi mwishoni.

Kijana_wa_Soweto
Mimi niko Moshi. Kwa nini kila kitu kinafanyika Arusha? Tuna Chuo Kikuu cha Ushirika, tuna Mwenge, na vijana wa hapa wanatengeneza tovuti za kampuni za kupandisha Kilimanjaro kuliko mnavyodhani. Kumbi za Moshi ni nafuu. Fanyeni huku, mtajaza bila redio.

Mshona_Tovuti
Nashukuru wakuu. Maelezo: ni Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti, ukumbi uko Njiro na tumeshalipia nusu. Tunataka watu arobaini. Kiingilio elfu ishirini, chakula cha mchana kimo. Asubuhi ni usanifu wa kurasa za kusomwa kwenye simu, mchana ni kuunganisha malipo ya mitandao ya simu kwenye tovuti. Kuhusu vyuo, tulifikiria Chuo cha Ufundi, Chuo cha Uhasibu Njiro na Nelson Mandela kule Tengeru.

Bibi_Takwimu
Agosti! Mdogo wangu, Agosti vyuo vimefungwa. Wa shahada ya kwanza na stashahada wako nyumbani au wako fildi. Pasta yako pale Chuo cha Uhasibu itasomwa na walinzi. Nelson Mandela utawakuta baadhi, maana kule ni uzamili na uzamivu tu na wengi wanaendelea na utafiti wao, lakini hao siyo kundi lako kubwa.

Na upande wa pili, Agosti ni msimu wa wageni. Mwenye kampuni changa ya utalii yuko uwanja wa ndege wa KIA anapokea watu, Jumamosi yako hana. Yaani umechagua mwezi ambao wanafunzi hawapo na wenye kampuni za utalii hawapo. Kwa nini msipeleke Novemba? Vyuo vimefunguliwa, vuli imeingia, ofisi za utalii zinapumua na ndio wakati wanaokumbuka kwamba tovuti yao ina bei za mwaka juzi.

KodiTu
Bibi, nusu ya ukumbi imeshalipwa. Na wanafunzi walioko fildi ni faida, wengi wako kwenye vitengo vya TEHAMA vya ofisi za hapahapa mjini. Unawafuata kule.

Bibi_Takwimu
Unawafuata kwa njia gani? Redio? Instagram? Hapo ndipo ninapotaka mjibu. Hao unawapata kwa wawakilishi wao wa darasa. Kila darasa lina grupu la WhatsApp na halifi likizo. Grupu moja linabeba hadi watu 1,024. Pata wawakilishi wanane wa madarasa ya TEHAMA, wape kila mmoja nafasi ya bure ya kuhudhuria, mmemaliza. Gharama yake ni sahani nane za chakula.

Mzee_wa_Masafa
Magrupu watu wamenyamazisha. Tangazo linapita na salamu za asubuhi, hakuna anayesoma.

Bibi_Takwimu
Likiletwa na mgeni linapita. Likiletwa na mwakilishi wao mwenyewe, akaandika "mimi naenda, nani anaenda", linasomwa. Tofauti iko hapo.

FundiWavuti
Mimi nina swali kuhusu maudhui. Hayo malipo mnaunganisha kwa WordPress au mnaandika kodi (msimbo wa programu) yenyewe? Kama ni WordPress, maprograma hawatakuja. Kama ni kodi, wabunifu watalala mchana.

KodiTu
Waandike kodi. WordPress kila mtu anajifunza YouTube.

FundiWavuti
Kila mtu anajifunza, na bado tovuti za utalii za mji huu zinafunguka kwa kusuasua. Juzi nimefungua ya mteja mpya, ukurasa wa kwanza una picha ya tembo yenye megabaiti saba, imetoka kwenye kamera ikapandishwa hivyohivyo. Kwenye simu yangu juu ikatokea nembo, chini weupe mtupu, nikasubiri mpaka skrini ikazima. Mteja analalamika hapati maulizo. Nilipoipunguza kipimo na kuigeuza WebP, aina nyepesi ya faili la picha, ikawa haifiki kilobaiti mia mbili na tembo ni yuleyule. Hicho ndicho cha kufundisha, na hicho ndicho cha kuweka kwenye tangazo! Onyesheni simu mbili, tovuti ileile kabla na baada. Video ya sekunde ishirini. Mwenye kampuni ataielewa hata kama hajui HTML, na programa ataiheshimu.

Dada_Sakina
Hii naiunga mkono kwa mikono miwili. Video hiyo unaiweka stetasi, unaibusti, unaituma kwa Chama cha Mawakala wa Utalii, TATO, ofisi zao ziko hapahapa Arusha, unaomba waisambaze kwa wanachama. Kazi moja inatumika mahali pengi.

Kuhusu kiingilio, elfu ishirini iacheni. Msije mkashawishika kufanya bure. Kwenye mafunzo ya bure watu wanajiandikisha mia, siku yenyewe wanakuja wachache na chakula kinabaki. Aliyelipa hata elfu tano anaamka. Wekeni Lipa Namba, anayelipa mapema jina linaingia, basi.

Kijana_wa_Soweto
Elfu ishirini kwa mwanafunzi ni nyingi. Ongeza nauli ya Kosta kutoka Moshi kwenda na kurudi. Na kuna cheti? Kwenye tangazo wekeni wazi kama kuna cheti.

Mzee_wa_Masafa
Cheti lazima. Bila cheti kijana haji, na ofisi haimruhusu mfanyakazi wake.

KodiTu
Cheti cha siku moja kina maana gani? Mtu aondoke na kiungo cha kazi aliyoijenga, kiko hewani, anamtumia mteja au mwajiri. Mimi nikiajiri naangalia kazi.

Mzee_wa_Masafa
Wewe unaangalia kazi. Halmashauri inaangalia cheti. Mwisho wataanza kuuliza na posho, utaona.

mwanaTengeru
Posho msithubutu. Ukilipa watu kuja, umewaita wanaofuata posho.

Jambo moja zaidi: mkifungua fomu ya kujiandikisha, msichukue vitu msivyohitaji. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi. Jina, namba ya simu, aina ya kompyuta, inatosha. Na namba hizo msiwape wadhamini bila ridhaa ya wenyewe. Nimeshapigiwa simu za kuuziwa viwanja kwa sababu ya fomu ya semina.

Mshona_Tovuti
Wakuu nimejifunza mengi. Video ya simu mbili tunaifanya, flashi tunaandaa, na kwenye tangazo tunaandika wazi kuhusu kompyuta. Redio mwenzangu bado hajakubali kuiacha, anasema angalau mahojiano. Novemba tutazungumza na mwenye ukumbi kama atakubali kusogeza, hatujui. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inatosha au tuandike 8?

FundiWavuti
4 inatosha kwa WordPress na kihariri. Ukiandika 8 umewafukuza vijana wengi bila sababu.

KodiTu
Kwa usanifu kwenye Figma, programu ya kuchorea miundo ya kurasa, na vichupo kumi vya kivinjari, 4 itakwama. Andika 8.

FundiWavuti
Vichupo kumi vya nini kwenye warsha?

Kijana_wa_Soweto
Sisi wa Moshi tunaokuja tuhesabiane hapa. Nina nafasi tatu kwenye gari, naondokea Soweto. Ila mkianza saa mbili asubuhi, kwa foleni ya Usa River inabidi tutoke alfajiri sana. Anzeni saa nne.

Bibi_Takwimu
Saa nne mtamaliza saa ngapi, na mchana kuna malipo ya simu ya kuunganisha? Hayo peke yake yanachukua muda wa saa tatu nzima, na kila mtu atataka ajaribu kwa laini yake.

Kijana_wa_Soweto
Basi saa tatu. Mshona, ukumbi wa Njiro ni upande wa Nane Nane au kule juu? Na kuna maegesho?