Chek injini kwenye IST: kijimashine cha blutuuthi, mashine kubwa ya gereji au waya tu? Kipi kinalipa?

Mbezi_IST
Wakuu habarini za jioni. Nina Toyota IST ya 2003 injini ya 2NZ cc 1300, taa ya chek injini ina wiki ya pili inawaka, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka na asubuhi ikiwa ya baridi kwenye foleni inataka kuzima. Nimeenda gereji moja wakachomeka mashine, ikatoka kodi (namba ya kosa) P0171, nikaambiwa oksijeni sensa imekufa nilete mpya. Kabla sijatoa hela ya sensa nataka nijiridhishe mwenyewe. Kuna kile kidude kidogo cha ELM327 unachomeka chini ya usukani unasoma kwenye simu, kuna kurudi kupima mashine kubwa gereji nyingine, na kuna jamaa kaniambia naunganisha waya tu taa inapepesa yenyewe. Hela niliyo nayo inatosha kimoja. Nichague kipi?

Gerezani_Kwetu
Waya mkuu, hiyo haikuli hata shilingi. Kwenye ile soketi ya kupimia ya matundu 16 iliyo chini ya usukani unaunganisha tundu namba 4 na namba 13, unawasha swichi bila kupiga stata, halafu unahesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mbili ikapumzika kidogo ikapepesa moja hiyo ni 21, oksijeni sensa. 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni ya throto (mlango wa hewa), 31 ni upande wa sensa ya hewa. Ikipepesa harakaharaka bila kupumzika maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Toyota za zamani kidogo soketi iko chini ya boneti, kiboksi kimeandikwa DIAGNOSTIC, unaunganisha TE1 na E1. Ila angalia sana namba 16, ile ina moto wa betri muda wote hata funguo ikiwa mfukoni, ukikosea ukaigusisha umeunguza fyuzi au zaidi ya fyuzi.

FundiUmeme_Moro
Mleta mada subiri kwanza usinunue sensa.

Waya wa Gerezani ni mzuri na mimi nimeutumia miaka, lakini kwa tatizo lako hautakusaidia kwa sababu unakupa namba tu, na namba tayari unayo. Wewe unachohitaji sasa hivi ni kuona kontroboksi (kompyuta ya injini) inasoma nini gari ikiwa inaunguruma.

P0171 haisemi oksijeni sensa imekufa, inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Iko hivi. Injini ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Sensa ya hewa iliyo baada ya ea klina ina kiwaya cha moto, hewa ikipita inakipoza, kontroboksi inaangalia umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake ndio inajua hewa kiasi gani imeingia, halafu inafungua nozeli za kunyunyiza mafuta kwa muda unaolingana na hiyo hewa. Oksijeni sensa ya kawaida iko kwenye ekzosi inaangalia matokeo, ikikuta oksijeni imebaki nyingi inatoa volti kama 0.1, ikibaki kidogo inatoa kama 0.9, na sensa nzima muda wote inacheza juu chini. Kontroboksi ikiona volti imebaki chini inaongeza mafuta, na hiyo nyongeza inaandikwa kwa asilimia, inaitwa fyueli trimu. Ikiongeza ikaongeza mpaka kwenye asilimia 25 au zaidi kutegemea gari na bado sensa inasema hewa nyingi, ndipo inawasha taa na kuandika P0171. Kwa hiyo oksijeni sensa hapo mara nyingi ndiyo iliyotoa taarifa, na taarifa yenyewe ni ya kweli. Sensa ikifa kwa upande wa hita yake (kipasha joto cha ndani) utaona P0135, hiyo ni kesi nyingine.

Sasa chomeka kitu chochote kinachoonyesha hiyo trimu. Injini ikishapata moto soma kwenye silensa, halafu piga resi ishike mizunguko 2500 kwa dakika usome tena. Ikiwa silensa iko juu sana na kwenye resi inashuka, kuna hewa inaingia kwa pembeni bila kupita kwenye sensa, tafuta hozi iliyopasuka au gasketi ya manifoldi (mabomba ya kupeleka hewa kwenye silinda). Ikiwa inapanda kadiri unavyokanyaga, angalia pampu ya mafuta, filta, na ile sensa ya hewa kama kiwaya kina vumbi. Hilo jibu waya hauwezi kukupa kabisa.

Nakuru_Fielder
Niko na Toyota Fielder ya injini ya 1NZ na hicho kidude cha ELM327 nimenunua mara mbili. Cha kwanza kilikuwa kopi, kimeandikwa v2.1, kilishika kwa gari ya rafiki yangu lakini kwa yangu kikakataa kabisa. Hizo kopi nyingi zimekatwa komandi, na magari ya soko la Japani ya miaka hiyo mengine hayaongei lugha ya OBD2, ule mfumo wa pamoja wa kupima magari. Sheria ya OBD2 ilianza Marekani kwa magari ya 1996, Ulaya ya petroli ikafuata 2001, kwa hivyo soketi ya matundu 16 peke yake si uhakika. Omba uijaribu kwa gari yako kabla ulipe. Na ukimaliza kusoma itoe, maanake inakula betri usiku kucha.

Dada_wa_Noah
Kaka zangu mnaikandamiza mashine kubwa. Kidude cha simu kwa kawaida kinasoma injini tu, taa ya ABS (ya breki) au eabegi ikiwaka utarudi gereji vilevile. Mashine kubwa inawasha feni, inazima nozeli moja moja, unajua silinda ipi haifanyi kazi. Ila kinachopima ni mtu. Noah yangu ilikuwa inanuka petroli, fundi wa kwanza akasoma kodi akataka kubadilisha kontroboksi. Wa pili akaangalia joto la maji kwenye skrini akakuta linasoma -40 na sisi tuko Dodoma saa saba mchana! Waya wa sensa ulikuwa umechomoka. Akarudisha plagi yake, akapima na sensa kwa mita ya umeme, ya baridi kama kilo-omu 2 na nusu, ikishapata moto wa 80 omu 300 na kidogo, akasema nzima. Nililipa pesa ya kupima tu.

FundiUmeme_Moro
Dada umesema kweli tupu. Mimi ningekuwa na hela ya kitu kimoja ningenunua mita, lakini kwa Mbezi mwenye P0171 kidude kitatosha kama kitashika.

Mbezi_IST
Wakuu nimerudi. Nimeenda na gari mpaka dukani, cha kwanza kikakataa kushika, cha pili kikashika nikalipia hapohapo. Nimesoma kama fundi alivyoelekeza, silensa trimu ya muda mrefu +27, kwenye 2500 ikashuka mpaka +6. Nikaanza kupapasa hozi moja moja, ile ndogo inayotoka kwenye kava ya injini kuingia manifoldi imekakamaa na kwa chini kule usikoona ina ufa wa urefu wa kucha. Nikaubana kwa kidole gari ikatulia palepale. Nimenunua hozi nimeifunga, nimefuta kodi, leo siku ya tatu trimu inacheza kwenye +3 na taa haijarudi. Sensa ya zamani ipo ileile.

Gerezani_Kwetu
Safi mkuu. Hiyo hozi chukua ya petroli na oili, ya maji italainika ndani ya miezi michache.

Mbezi_IST
Asante, nimechukua ya petroli.