Tupeane uzoefu: usiku wako wa kwanza kwenye treni ya kulala

Wakuu, tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, naona vijana wengi wanaijua treni kama kitu cha kukaa tu, unapanda asubuhi na mchana uko kwenye kikao. Sasa wale tuliowahi kulala humo tuwasimulie. Njia gani, kitanda kipi, na kipi kilikushangaza?

Naanza. Mimi ni TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, Dar kwenda Mbeya, na mke wangu. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita, na wanaume hawachanganywi na wanawake isipokuwa mmekata chumba kizima. Kwa hiyo mke akaenda kwa wenzake, mimi nikaingia kwa wanaume nisiowajua. Hata Dar hatujaiacha, mzee mmoja kafungua hotpoti ya pilau: "Karibu kijana, humu hakuna mgeni." Jioni tukapita kwenye hifadhi, ile iliyokuwa Selous. Mtu kapiga kelele "twiga!", korido yote ikahamia dirishani.

Kulala sasa. Usidanganywe kwamba treni inabembeleza. Inabembeleza ikiwa kwenye mwendo. Ikifunga breki unaamka, ikisimama porini kimya unaamka pia, unajiuliza kulikoni. Lakini kipande cha Mlimba hadi Makambako kinalipa kila kitu. Reli nzima ina mahandaki 22, na mengi yako hapo. Giza linaingia ghafla, watoto wa behewa la jirani wanashangilia, mwanga unarudi na bonde liko chini kabisa ya dirisha lako. Wachina na Watanzania na Wazambia waliojenga pale miaka ya 70 walifanya kazi ya kiume. Halafu weka sweta juu ya begi, Makambako si Dar.

Mdau wa Kigoma
Reli ya Kati hapa. Nilikuwa mwanafunzi, narudi nyumbani likizo, daraja la pili la kulala. Tabora usiku nikasikia kishindo, kitanda kikaruka. Nikadhani tumeanguka. Mzee wa kitanda cha chini akasema bila hata kufumbua macho, "Lala mwanangu, wanapanga mabehewa. Ya Mwanza huku, ya Kigoma huku. Kesho ukiona Mwanza, ujue ulipanda behewa la watu." Sikulala tena! Nilikaa macho mpaka nikasikia watu wanataja Kaliua, njia ya Kigoma.

Na misosi, jamani. Kuku wa Saranda dirishani, asali ya Tabora, chumvi Uvinza. Sheria moja tu: shika kuku kwanza, ndipo utoe hela, kwa sababu treni haisubiri chenji.

Mdau wa Nairobi
Sisi yetu ilikufa 2017 SGR, reli mpya ya kisasa, ilipoingia. Ile ya usiku ya kwenda Mombasa. Mhudumu anapita koridoni akigonga kengele ya chakula cha jioni, mnaenda kula mezani na watu msiowajua, mkirudi mnakuta vitanda vimetandikwa tayari. Nilijiona waziri. Unalala na baridi ya Nairobi, unaamka na vumbi jekundu la Tsavo, na ukifika Mazeras ni minazi na jasho. SGR ni haraka, sikatai, lakini hakuna mtu amewahi kunihadithia maisha yake yote ndani ya SGR.

Mdau wa Tunduma
Mnaishia Mbeya halafu mnasema mmepanda TAZARA? Ni kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, nyie mmeonja tu. Mpakani uhamiaji wanawakuta humo humo ndani, wabadilisha fedha nao wanaingia na mabunda ya kwacha. Jua hesabu yako kabla, usiku hakuna wa kumuuliza. Saa unarudisha nyuma moja. Na Kapiri siyo Lusaka, bado kuna basi.

Mdau wa Moro
Kitanda cha kati kwenye chumba cha watu sita nawaachia wenye moyo. Mchana kinakunjwa kiwe egemeo, kwa hiyo mwenyewe akitaka kulala saa mbili usiku, chumba kizima mmelala saa mbili.

Mdau mgeni
Naomba msaada. Nampeleka mama Mbeya, umri umeenda na goti linamsumbua. Nikate la kwanza au la pili?

Mdau wa Kigoma
Wewe ke au me? Kama me, mama atalala kwa wanawake, labda mkate chumba kizima.

Mdau mgeni
Ke.

Mdau wa Kigoma
Basi rahisi. La kwanza, mama kitanda cha chini, wewe cha juu. Kata mapema, vya chini vinawahi kuisha. Na maji ya kunywa beba ya kutosha.