Mende wadogo jikoni: napuliza dawa kila wiki na wanazidi kuongezeka

Mpangaji_wa_Juu

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni msaada, mende wamenishinda.

Ni wale wadogo, urefu kama sentimita 1.5, rangi ya kahawia iliyopauka, na nyuma ya kichwa wana mistari miwili myeusi. Usiku nikiwasha taa ghafla wanatawanyika, wengi wanaingia nyuma ya friji, wengine kwenye kabati la chini ya sinki. Kila mwisho wa wiki napuliza dawa ya kopo mpaka jikoni hakukaliki. Asubuhi nafagia mizoga, najiona mshindi. Siku chache tu wapo palepale, na sasa wamefika hadi chumba cha kulala. Jana nimemwona mmoja mchana kweupe juu ya jiko, hana hata haraka.

Kabla hamjauliza: nyumba ni safi. Vyombo vinaoshwa kabla ya kulala, taka zinatoka kila jioni.

Nimeambiwa nijaribu unga wa boriki, chaki ya mende, mashine ya kuchomeka ukutani inayotoa mlio usiosikika, na yale makopo unayoyafyatua, unafunga mlango, yanajaza moshi nyumba nzima. Kipi kinafaa kweli? Nina mtoto anayetambaa na mume wangu ana pumu, kwa hiyo sitaki kujaza sumu ndani. Tunaishi ghorofani, ukuta kwa ukuta na majirani.

Bila_Presha

Weka karafuu na maganda ya limau kwenye kabati. Mende hawapendi harufu kali. Mimi kwangu wameisha.

Fundi_Mstaafu

Mkuu Bila_Presha, hawapendi, sawa, kwa hiyo wanahamia kabati la pili. Kumkera mende na kummaliza ni kazi mbili tofauti.

Dada, nimebeba bomba la dawa mgongoni miaka mingi, nikaliweka chini mgongo ulipokataa. Nitaandika kwa urefu kidogo, nivumilie.

Mistari hiyo miwili inatosha kumtaja: ni mende wa Kijerumani, Blattella germanica. Yule mkubwa mwekundu wa sentimita 4 anayetoka kwenye mitaro na mashimo ya choo ni mwingine kabisa, na dawa yake ya kwanza ni mfuniko wa shimo. Huyu wako hatoki nje. Anaishi ndani pamoja nanyi, na alikuja amebebwa: kwenye boksi la karatasi, friji iliyotumika, redio ya zamani, begi la mgeni. Kwa hiyo nakuamini kuhusu usafi. Nimewakuta kwenye majiko yanayong'aa kuliko sahani zangu.

Sasa kwa nini kopo halikusaidii. Jike wa aina hii hataki kuacha mayai yake ovyo. Anakibeba kifuko nyuma ya mwili mpaka karibu kabisa na kuanguliwa, na ndani yake kuna mayai 30 hadi 40. Dawa ya kopo haipenyi kwenye kifuko hicho, na mama akifa mayai yakiwa yamekomaa, vitoto vinaweza kutoka kama kawaida. Zaidi ya hapo, makopo mengi ya dukani yana dawa za jamii ya pairethroidi, na mende hawa wamezizoea sehemu nyingi za dunia. Unaua wanyonge, wagumu wanabaki kuzaa. Halafu kuna hili ambalo watu hawaliambiwi: dawa hizo zinawafukuza. Wale unaowakosa hawafi, wanatafuta pa kukaa. Chumbani kwenu hawakufika kwa matembezi, wamefukuzwa jikoni wakaenda.

Na yule wa mchana juu ya jiko asikupite hivihivi. Mende ni mdudu wa usiku. Ukimwona mchana, mara nyingi ni kwamba maficho yamejaa na wengine wamekosa nafasi.

Kwa hiyo kopo liweke pembeni. Sisemi upunguze, nasema uache. Osha kwa maji ya sabuni sehemu zote ulizopuliza, kwa sababu tunataka mende watulie, wale, wazunguke kama zamani. Kisha nunua vitu viwili: mitego ya gundi na jeli ya mende, ile ya kwenye bomba la sindano.

Mitego inatangulia. Haimalizi mende, inakuonyesha wanakoishi. Itege kandokando ya ukuta, maana mende hutembea mwili ukigusa kitu, hakati katikati ya sakafu. Mmoja nyuma ya friji, mmoja chini ya sinki, mmoja karibu na jiko, mmoja chumbani. Andika tarehe juu yake. Baada ya siku mbili tatu tuambie kila mtego umenasa nini, hasa kama ni wakubwa au vitoto.

Jeli nitaieleza ukileta majibu. Ya orodha yako nayajibu sasa hivi:

Makopo ya moshi, usithubutu. Moshi unatua juu ya meza na vitanda, haufiki ndani ya nyufa wanakokaa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina waliyapima kwenye nyumba za watu: mende hawakupungua, sumu sakafuni na juu ya kaunta ndiyo iliyoongezeka. Na moto wa jiko ukiwa unawaka, gesi yake inaweza kulipuka.

Mashine ya mlio ni taa nzuri ya usiku, basi. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 mwaka 2001 ikiwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi.

Chaki: hapana, maadamu kuna mtoto. Ni sumu ya wadudu iliyofinyangwa ikafanana na chaki ya ubaoni, na nyingi haziandikwi hata kilichomo. Anayetambaa huokota, akiokota hutia mdomoni.

Boriki inafanya kazi kweli, ila watu huimwaga kama wanapaka mkate unga. Mende akiona kilima cha unga anakizunguka. Inatakiwa utando usioonekana vizuri kwa macho, sehemu kavu, ndani kabisa: nyuma ya ubao wa kabati, ndani ya tundu la bomba ukutani. Inadhuru ikimezwa, kwa hiyo kwako iwe tu pale ambapo mkono wa mtoto haufiki hata akikua.

Jikoni_Kwangu

Samahani Fundi, hiyo jeli tusiisifie sana. Kwetu waliila kwa fujo mwanzoni, mende wakapungua, kisha wakaanza kuipita pembeni kana kwamba haipo. Jirani yangu kaona hivyohivyo.

Fundi_Mstaafu

Dada, hilo lipo na lina maelezo. Chambo nyingi zilitiwa glukosi kuwavutia. Baadaye wakatokea mende ambao glukosi kwao ni chungu, hawaigusi. Mtafiti Jules Silverman alilichapisha jambo hilo mwaka 1993. Wasiopenda sukari hiyo walipona, wakazaa wasioipenda. Ukiona wanaipita, badilisha aina ya jeli, na usibadilishe jina la bidhaa tu, soma kiambato. Kama sumu ya jeli ya kwanza ilikuwa fipronili (fipronil), tafuta yenye indoksakabu (indoxacarb), au kinyume chake. Chambo yenyewe nayo huwa tofauti kutoka kampuni hadi kampuni.

Ila angalia pia kama kuna mtu anapuliza dawa karibu na matone ya jeli. Jeli iliyorukiwa na dawa ya kopo, mende haigusi.

Usingizi_Sina

Nadandia hapahapa: jeli hiyo inaua na kunguni?

Fundi_Mstaafu

Haiui. Kunguni hula damu tu, ukimwekea jeli hata hajui ni chakula. Yeye anamalizwa na joto: mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, au zikae kwenye mashine ya kukaushia yenye joto kali nusu saa baada ya kukauka. Visivyofulika vifunge kwenye mfuko, viingie friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri siku 4. Kagua mishono ya godoro na viungo vya kitanda kwa tochi. Fungua uzi wako mkuu, kunguni wanataka mjadala wao peke yao.

Mpangaji_wa_Juu

Nimerudi na majibu. Mtego wa nyuma ya friji umejaa, karibu wote ni vitoto vyeusivyeusi visivyo na mabawa, na wakubwa wachache. Wa chini ya sinki una wakubwa kadhaa na mmoja amebeba kile kifuko. Wa jiko wamenasa wachache. Wa chumbani, mmoja tu.

Swali: friji ndiyo nyumba yao? Mbona nyuma yake hakuna chakula?

Fundi_Mstaafu

Ndiyo nyumba yao. Vitoto haviendi mbali na vilikoanguliwa, kwa hiyo vinapojaa ndipo penye kiota. Wa chumbani ni mpita njia, huko usihangaike kwa sasa, acha mtego tu.

Nyuma ya friji kuna vitu bora kuliko chakula. Kompresa ina joto usiku na mchana, na friji nyingi zina kitrei cha kukusanya maji juu yake. Joto, giza, maji mlangoni. Mende huyu anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula kama maji yapo, bila maji hafiki mbali.

Chomoa umeme, vuta friji, fungua kile kifuniko cha nyuma chini. Utaona madoa kama kahawa iliyosagwa, ni mavi yao. Usiyafagie makavu. Vumbi la mavi na maganda yao ndilo linalochochea pumu, kwa hiyo mzee atoke nyumbani wakati huo, wewe futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kitambaa kitupwe. Mwaga maji ya trei na uisugue.

Pakikauka, weka jeli. Matone ya milimita 3 hivi, mengi na madogo, usiweke kipande kimoja kikubwa. Ndani ya fremu ya friji nyuma, mbali na nyaya. Kwenye bawaba za milango ya makabati, upande wa ndani. Chini ya ukingo wa juu wa droo, pale usipopaona mpaka uiname. Bomba la sinki linapoingia ukutani. Usiweke juu ya kaunta wala popote mtoto anapoweza kushika, na kabati la chini ya sinki lifungwe.

Uzuri wa jeli ni huu: haiui papo hapo. Mende anakula, anarudi kwenye ufa, anafia huko. Vitoto vichanga, ambavyo havitoki sana, vinakula mavi yake na mzoga wake, navyo vinakufa. Sumu inapelekwa na wao wenyewe mpaka mahali ambapo mimi na bomba langu hatukuwahi kufika.

Usiku kabla ya kulala futa sinki likauke kabisa, kamua sponji, na kama bomba linadondosha, fundi aje kabla ya kitu kingine.

Utaona mizoga siku za mwanzo, usikatae. Vifuko vilivyopo vitaendelea kuangua kwa kama wiki 4 hivi, na kitoto huchukua miezi 2 au 3 kukua. Kwa hiyo ukiona kitoto mwezi ujao usikimbilie kopo.

Mlango_wa_Pili

Na majirani je? Sisi tulimaliza ndani kwetu wakaja wa upande wa pili.

Fundi_Mstaafu

Ongeeni nao, bila lawama, kila mtu anaona aibu kwa mende wake. Mkiweka jeli wiki ileile pande zote mbili ni bora kuliko mmoja aweke mara kumi. Wakigoma, ziba kwa silikoni mizunguko ya mabomba na matundu yanayopita ukutani, maana ndiyo barabara yao. Zibeni baada ya mende kupungua. Mkiziba wakiwa wengi mnawahamishia njia nyingine.

Mpangaji_wa_Juu

Nimeweka, na kopo nimempa mume wangu alifungie stoo. La mwisho, Fundi: matone yakikauka niyaache au niyabandue?

Fundi_Mstaafu

Kagua baada ya wiki moja. Lililoliwa, ongeza palepale. Lililokauka likawa gumu, libandue kwa karatasi uweke bichi. Ambalo halijaguswa kabisa, lisogeze karibu na madoa ya mavi, huenda uliliweka nje ya njia yao. Na badilisha mtego wa nyuma ya friji siku hiyohiyo, uandike tarehe, tuone vitoto vimepungua kiasi gani.